Folda Aliyoiruka

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana, tukikunja nguo kitandani kwangu. Gauni moja alikuwa amelikunja mara tatu na kulikunjua mara tatu. Sikumuuliza. Mtu mwenye jambo kooni ukimharakisha hulimeza.

Mwisho akasema, "Bibi, mimi ni mtu mbaya."

"Ubaya gani? Kuna wa kuiba na kuna wa kununa."

"Wa kunyamaza."

Basi akaanza. Yeye hufanya kazi kwenye ofisi inayotunza tovuti za watu, na mojawapo ni ile ya zahanati ya macho, ambako wagonjwa huomba siku na saa ya kumwona daktari. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikamwambia anieleze taratibu. Akasema nyuma ya kurasa tunazoziona kuna mafaili yaliyojaa amri: gawa tarehe hii, hifadhi jina lile. Programu inayozisoma amri hizo hutolewa upya kila baada ya miaka kadhaa, na kila ikitolewa upya huzikataa baadhi ya amri za zamani. Kwa hiyo kabla ya kuhamia toleo jipya lazima mtu apite kila faili, azisake amri zilizopitwa na wakati, aziorodheshe, zibadilishwe. Ikisazwa moja, ukurasa ukifika hapo unakwama, na mtu anaona weupe mtupu.

Kazi ya kusaka alipewa yeye. Ofisini wanamwita Mwalimu, kwa sababu ndiye anayewafundisha wanaoingia kazini, na kwa sababu, alisema akiliangalia lile gauni, ana mazoea ya kusoma kazi mbovu za wenzake kwa sauti ili watu wacheke. Msako wenyewe hufanywa na kompyuta. Wewe unaiambia tu itafute nini na ipite wapi. Alipokuwa anaiandikia pa kupita, akafika kwenye folda ya miadi, yaani fungu la mafaili ya kuomba siku za ile zahanati, mkono ukasimama.

"Folda hiyo niliiandika mimi, Bibi, mwezi wangu wa kwanza. Kwenye usaili nilisema najua, kumbe sijui."

"Ina nini?"

"Kuna amri ya kugawa tarehe, mojawapo ya hizo za zamani. Ilitakiwa iandikwe mara moja, ijirudie yenyewe. Mimi nikainakili. Jumatatu saa mbili, nikanakili. Saa mbili na nusu, nikanakili. Mpaka Ijumaa saa tisa na nusu. Mara themanini."

Nikamwambia ni kama mtu aliyepewa shuka la maua, akafua kila ua peke yake. Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Orodha ya msako ilikuwa isomwe mbele ya ofisi nzima, kila amri na faili lake na jina la aliyeiandika. Akaona jina lake litatajwa mara themanini, mbele ya haohao aliozoea kuwacheka. Basi akaiambia kompyuta iiruke folda ya miadi. Akajiahidi kuitengeneza nyumbani kimyakimya mwisho wa wiki, maana kuhama kulipangwa Jumatano ya wiki inayofuata.

Orodha ikatoka fupi, amri kumi na moja. Bosi wao, mama asiyependa kazi ilale, akasema kumi na moja ni za asubuhi moja. Zibadilishwe, tuhame Alhamisi hii.

"Ungesema hapohapo," nikamwambia.

"Nilifungua mdomo, Bibi. Nikapiga mwayo."

Aliyehamisha ni fundi wa seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti, mtu mzima, wanamwita Polepole kwa kuwa hajawahi kukimbilia jambo. Ijumaa asubuhi ukurasa wa miadi ukawa mweupe. Zahanati haikujua nani anakuja wala saa ngapi. Polepole akarudisha toleo la zamani, lakini kazi hiyo ilimchukua mpaka saa saba. Bosi akamfokea mbele ya watu kuwa amelipua kazi, na wenzake wakapata la kusema: "Polepole siku akikimbia, hukimbilia shimoni." Akaambiwa Jumatatu alete maelezo kwa maandishi, kwa nini asiondolewe kwenye seva. Mjukuu wangu alikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Alikunywa maji.

Hapo nilikuwa nimeacha kukunja. Ijumaa hiyo mimi nilikuwa zahanati ya macho. Yeye hakujua, shangazi yake ndiye aliyeniombea siku. Nilikaa benchini tangu saa mbili, pembeni yangu mzee mwenye bandeji jicho moja, na wauguzi wakituambia mtandao, mtandao. Na pale benchini nilisema neno. Nilisita kumwambia, lakini yeye alikuwa ameshanipa lake.

"Nilisema aliyekitengeneza kitu hiki hakulelewa. Nikasema kwa sauti. Benchi zima likaitikia."

Nikaangalia mashuka. Tangu ana miaka mitano aliyemlea ni mimi.

Baadaye nikasema, "Mpigie mwenzako."

"Kesho, Bibi, kwenye mkutano."

"Kesho atakuwa ameshaandika."

Akapiga, akaiweka simu juu ya mto nami nisikie.

"Kaka, samahani kukusumbua Jumapili."

"Hunisumbui. Nahangaika na haya maelezo, mstari wa pili unanishinda."

"Usiandike. Kosa ni langu. Folda ya miadi niliiruka kwenye msako. Kwa makusudi."

Nikasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Najua ilirukwa," akasema yule bwana. "Niliona kabla sijahamisha. Nikajiambia Mwalimu hawezi kuiacha bila sababu. Nikaona nikikuuliza ni kama nakudharau."

Mjukuu wangu akajifunika macho kwa kiganja. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Ungeniuliza tu, kaka."

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

"Sijui."

"Haya. Bosi utamwambia wewe au mimi?"

"Mimi. Sasa hivi."

Akaandika ujumbe, akanisomea, akaufuta, akaandika mwingine mrefu wenye sababu nyingi. Alipousoma nikamwambia ule wa kwanza ulikuwa na ukweli zaidi. Akaurudia: nimeiruka mimi, nilijua, Polepole hana kosa. Jibu likaja hatujamaliza foronya: Nimeona. Kesho saa mbili njoo na folda hiyo, tuisome wote.

"Wote," akasema.

"Si ndivyo unavyowafanyia wenzako?"

"Ndivyo."

Akaleta kompyuta yake hapohapo kitandani. Nikauliza kama anazitengeneza zile amri. Akasema hapana, akizitengeneza leo atakuwa anaficha tena. Anazisaka tu, aziorodheshe kama zilivyo. Mistari ikashuka, kila mmoja na jina lake pembeni. Akazihesabu kwa kidole. Zilikuwa themanini na tatu. Tatu hata yeye alizisahau.

Akaegemeza kichwa kwenye nguo ambazo hatujazikunja.

"Bibi, wakicheka?"

"Watacheka. Wewe kaa."

"Na wakishacheka?"

"Sijui, mama. Ofisini sijawahi kufanya kazi."

Akalala hivyohivyo, jua bado liko dirishani. Nikaifunga kompyuta, nikamtandikia shuka miguuni, nikajilaza upande wa ukutani. Nililifikiria benchi lile na mdomo wangu kwa muda mrefu, kisha nami nikapitiwa na usingizi.