Simu Nyepesi Kikapuni

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kusimama mlangoni mwa duka kubwa na kupekua mikoba ya wanawake wanapotoka. Miaka kumi na moja! Mkono wake ulikuwa umejua mambo ambayo macho hayajui. Akiinua mkoba tu, kabla zipu haijafunguliwa, alishajua kama mna kopo la maziwa lililopita bila kulipiwa au ni mwavuli wa mwenyewe. Wenzake kazini walimwita Mizani. Watoto wake walimwita Mama akiwepo, na Geti akiwa hayupo, wakidhani hajui.

Sasa mtu wa namna hiyo, umpe mtoto wa miaka kumi na tatu mwenye simu. Unategemea nini?

Simu yenyewe aliikubali shingo upande. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Mkubwa kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alikuwa amehamia shule ya mbali, ikabidi awe na njia ya kupiga akichelewa. Lakini Mizani alikuwa na sababu ya kuiogopa. Binti wa dada yake, mtoto mtulivu, mwenye adabu zake, aliwahi kuzungumza na mtu simuni kwa miezi miwili bila yeyote kujua, kisha siku moja akaaga anakwenda dukani. Walimpata baada ya siku nane. Mpaka leo mtoto yule hakai chumba kilichofungwa mlango. Mizani alilala na hofu hiyo akaamka nayo: Mkubwa asije akachukuliwa hivyohivyo, tena na mama mpekuzi yupo, macho makavu, analipwa mshahara kwa kupekua.

Basi akaandika sheria. Alizibandika kwenye mlango wa jikoni, zimeandikwa nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani, kwa wino mwekundu. Namba moja, ikifika saa kumi na mbili jioni simu zote kikapuni, juu ya friji, mpaka asubuhi. Namba mbili, hakuna simu mezani. Namba tatu, hakuna simu bafuni wala chooni. Namba nne, neno la siri la simu Mama alijue. Namba tano aliipigia mstari mara mbili: ukitumiwa ujumbe na mtu usiyemjua, unamwonyesha Mama hapohapo, hata kama unaona aibu, na hutapigwa.

"Na nyinyi je?" Mkubwa aliuliza, mikono kiunoni.

"Wote. Nyumba nzima."

"Hata Baba?"

"Hata mimi," akasema baba yao. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole wa kucheka kwa mabega, aliyerudi kila jioni amepakaa grisi mpaka masikioni. "Sheria ni sheria." Akawa wa kwanza kutumbukiza simu yake kikapuni, kwa mbwembwe, na lile kava lake nene jeusi la mpira, lenye mfuniko mpaka mbele. Kibonge, mdogo wao wa miaka sita, ambaye hakuwa na simu, akaona asipitwe, akatumbukiza rimoti. Siku hiyo walikaa nusu saa wakiitafuta.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Salama mno, na hapo ndipo machale yalipoanza kumcheza Mizani. Alikuwa amejiandaa kwa vita, na vita havikuja. Saa kumi na moja na nusu tu, Mkubwa alishaweka simu yake kikapuni, kimya, bila kukumbushwa, akaenda zake kusoma. Jamani, mtoto wa miaka kumi na tatu? Kazini Mizani aliwajua wateja wa aina hiyo. Mtu anakuja anakufungulia mkoba kabla hujamwomba, anatabasamu, anakusifia hereni. Huyo unampekua mara mbili.

Akamweleza mwenzake wa zamu, keshia mmoja mwenye watoto wanne na maneno arobaini.

"Ana simu nyingine huyo," keshia akasema, hata hakufikiri. "Hiyo ya kikapuni ni ya kukuzuga wewe. Wangu nilimkuta nayo ndani ya kiatu cha mvua."

Mizani akarudi nyumbani roho juu. Watoto hawajatoka shule, akaingia chumbani kwa Mkubwa, akapekua kama alivyofundishwa, kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Godoro. Foronya. Viatu, kimoja kimoja. Akafungua hata pakiti ya pedi, akazihesabu kwa vidole, na uso ukamwaka moto kwa aibu, lakini hakuacha. Hakukuta kitu. Ungedhani atafurahi. Thubutu! Alitoka humo na wasiwasi mkubwa kuliko alioingia nao, kwa sababu sasa alijua mtoto anajua kuficha.

Alhamisi ya wiki ya tatu ndiyo siku mambo yalipolipuka. Ilikuwa saa moja kasoro, simu zote kikapuni, yeye anamenya vitunguu, Kibonge sebuleni na katuni zake. Mizani akasikia mtetemo. Vrr, vrr. Akatupa jicho juu ya friji: kikapu kimetulia. Vrr, vrr, tena, nyuma ya ukuta wa korido, upande wa chumba cha Mkubwa. Kisu kikabaki mkononi mwake dakika nzima. Kisha akakiweka chini taratibu, akafuta mikono, akaenda.

"Toa."

Mkubwa aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Nitoe nini, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Nimeisikia kwa masikio yangu. Simu nyingine, nani kakupa? Mwanamume? Anataka mkutane wapi?"

"Mama, mimi sina simu nyingine."

"Simama. Geuza mifuko."

Mtoto akasimama. Akageuza mifuko ya sketi, ikaning'inia nje kama masikio ya mbwa. Mizani akampapasa mbavuni, kiunoni, kwenye soksi, vilevile alivyowapapasa wateja, na hakuona alichokuwa akifanya mpaka aliposikia pumzi za mtoto zinakatika. Mkubwa alikuwa akilia bila sauti.

"Ulipekua mpaka pedi zangu," akasema. "Unadhani sikujua? Nilizikuta zimepangwa. Mimi huwa sizipangi. Nafuata sheria zako zote, Mama, zote, naweka simu mapema ili usinitazame hivyo unavyonitazama. Kapime! Si unajua kupima? Kapime hiyo ya kikapuni kama si ya kweli!"

Maneno yalimchoma Mizani, lakini shaka ikishamwingia mtu haitoki kwa machozi. Akaenda kweli. Akashusha kikapu, akachukua simu ya Mkubwa, akaiweka kiganjani. Ilikuwa nzito sawasawa. Akaiwasha, ikawaka. Akachukua yake mwenyewe, nzima. Akachukua ya mume wake.

Mkono ukashtuka kabla yake.

Ilikuwa nyepesi. Nyepesi kama kipande cha sabuni kilichobaki kidogo. Akalivua lile kava jeusi la mpira, na ndani akakuta si simu, ni gamba la simu: kioo kimepasuka, mgongo umeachia, na mahali pa betri pana shimo tupu. Mizani alikaa kwenye kigoda. Wiki tatu nzima mwanamume mtu mzima, baba wa watoto wawili, anadondosha gamba kikapuni kwa mbwembwe!

Kisha vitu vikaanza kujipanga vyenyewe. Chumba cha Mkubwa kimepakana na bafu, ukuta mmoja. Na bafuni yumo nani saa hii? Baba. Siku hizi baba anaoga dakika arobaini. Anaoga dakika arobaini na anatoka na visigino vya vumbi. Na yeye Mizani, mpekuzi wa miaka kumi na moja, ameviona hivyo visigino kila jioni, hakujiuliza, kwa sababu macho yake yote yalikuwa kwa mtoto.

Damu ilimchemka mpaka akasikia masikio yanalia. Ni mwanamke gani huyo? Kijana kiasi gani? Alienda akasimama mbele ya mlango wa bafu, miguu imeachana kidogo, kama yupo zamu. Maji yakafungwa. Mlango ukafunguliwa. Mume akatoka amevaa kaptula, taulo begani, akatabasamu, akaona uso wa mke wake, tabasamu likaishia njiani.

"Mikono pembeni, tafadhali," akasema Mizani.

"Mama watoto, vipi tena?"

"Mikono pembeni."

Hakuhangaika. Mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye taulo, kwenye mkunjo wa ndani, ukatoka na simu. Hii ilikuwa na uzito wake.

"Fungua."

Akafungua. Jina la juu kabisa lilikuwa Kompresa. Jumbe mia tatu na kitu. Hee! Mtu anaandikiana na mashine ya friji jumbe mia tatu! Akaanza kusoma pale pale koridoni, akitafuta neno "mpenzi," akitafuta mioyo na mabusu.

"Hesabu umemaliza?" aliandika mume wake. "Bado swali la mwisho." "Usilale bila kulimaliza." Mwanafunzi! Mume wake na mtoto wa shule! Aliinua macho, na mume akaona alichokuwa akiwaza, akasema haraka, "Hapana. Si hivyo. Endelea kusoma, tafadhali, endelea."

Akaendelea. Akakuta picha. Aliijua kabla haijatanuka: wino mwekundu, nyuma ya kalenda, mlango wa jikoni. Sheria zake. Chini yake mume ameandika: "Hizi ni za kwetu. Mama wa huku ndiye aliyezitunga. Zifuate na wewe."

"Sawa, Baba."

Kisha, siku mbili mbele: "Baba, namba tano inasema nimwonyeshe Mama. Mimi nimwonyeshe nani?"

"Nionyeshe mimi."

Na hapo mtoto alikuwa amempigia picha ujumbe wa mtu asiye na jina, unaosema wewe ni mzuri, usimwambie mtu, tukutane Jumamosi nyuma ya stendi. Mizani aliusoma mara mbili. Alijua maneno hayo. Binti wa dada yake alitumiwa hayohayo, karibu neno kwa neno. Mume alikuwa amejibu papo hapo: "Usimjibu. Usitoke nyumbani. Nampigia bibi yako sasa hivi."

"Ni nani huyu?" Sauti ya Mizani ilitoka ndogo.

"Ni mwanangu," mume akasema. Alikuwa ameegemea ukuta, maji ya kuzugia yanamchuruzika shingoni. "Nilimpata kabla sijakujua. Mama yake hakutaka kuniona, na mimi nikaona heri yaishe hivyo, nikanyamaza. Mwaka juzi mama yake akafariki. Anakaa na bibi yake, na bibi simu haijui zaidi ya kupokea. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho nikasema kesho."

"Miaka kumi na nne ya ndoa, kesho!"

"Niliogopa."

"Uliniacha nimpekue mtoto asiye na kosa," Mizani akasema, na sasa machozi yalikuja, ya hasira hasa, ya kumtwanga mtu. "Ulisikia. Ukuta mmoja! Ulikuwa humo ndani unanisikia namgeuza mifuko, ukafungulia maji."

Mume akateremka na ukuta mpaka akaketi sakafuni. Hilo lilikuwa kweli.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mkubwa alikuwa amesimama kizingitini, macho yamevimba, mifuko ya sketi bado iko nje. Mizani alimwendea. Alitaka kumkumbatia, lakini mikono ile ile ilikuwa imetoka kumpapasa kama mwizi, akaona haya, akaishia kumrudishia mifuko ndani, mmoja, kisha wa pili.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea. Hukuwa na kosa hata moja."

Mkubwa alikuwa akimtazama baba yake. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Kwa hiyo mkubwa si mimi."

Simu ikatetemeka mkononi mwa Mizani, wote watatu wakaitazama. Kompresa.

"Baba, umeshamwambia?"

Mizani akapandisha jumbe kwa kidole gumba. Swali hilo lilikuwepo mwezi uliopita. Lilikuwepo kabla ya hapo, siku ya matokeo ya mtihani. Lilikuwepo mwaka jana, na chini yake kila mara neno moja, bado. Mtoto alikuwa ameuliza mara sita kama anaruhusiwa kuwepo duniani.

Mume akanyoosha mkono. "Nipe nimjibu."

"Wewe umeshajibu vya kutosha."

Aliandika polepole, kwa kidole kimoja. Yeye ambaye hajawahi kumvumilia mtu uongo, hata wa dukani, hata wa Kibonge, aliandika: "Mimi ni Mama wa huku. Ndiyo, ameniambia. Ameniambia mwenyewe." Mkubwa alikuwa amesogea, anasoma begani kwake.

Nukta tatu zikacheza kwenye kioo. Zikapotea. Zikarudi.

"Ulikasirika?"

Mizani alimtazama mume wake, ambaye alikuwa ameketi chini sakafuni, taulo limeanguka, visigino vyake vya vumbi mbele ya watu. Akageukia simu.

"Sana," akaandika. "Umekula?"