Tembe Nusu

Jovelyn aliikata tembe kwa wembe juu ya kisahani. Nusu akaimeza kwa kahawa iliyopoa, nusu akampa Analiza, aliyepanga naye chumba kimoja pale Iloilo, Ufilipino. Analiza alikwisha vaa sare yake nyeupe ya wodini.

"Nenda kliniki ukapewe za kwako, shoga," Jovelyn alimwambia. "Nusu haitibu."

"Niende nionekane? Wewe ulikwenda, ukapata nini?"

Alipata mtu wa kumsikiliza. Daktari alimweleza taratibu kwamba sonona ni ugonjwa, wala si uvivu wa kusali. Kuna kuzungumza na mshauri, kuna dawa, na vyote viwili huweza kwenda pamoja. Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na asiikatize ghafla. "Uamuzi ni wako," alimwambia. Jovelyn akaamua, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akalala usingizi.

Chuo nacho kikaamua. Mwanafunzi wa uuguzi anayekunywa dawa za sonona haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Wenzake wakasonga mbele, yeye akabaki. Kule kijijini mama yake alikuwa bado akiwatambia majirani kwamba binti yake ni nesi, na hilo lilimuuma Jovelyn kuliko ugonjwa wenyewe.

Asubuhi ileile walipogawana tembe, mkuu wa chuo, Bi Villaruz, alimwita.

"Mwanangu, Ijumaa ni siku yetu ya afya ya akili. Utawaambia wa mwaka wa kwanza wasiogope matibabu. Wewe ni mfano mzuri."

"Na wodini nitarudi lini, Mama?"

"Ukishaacha dawa. Haraka ya nini?"

Ijumaa ukumbi ulifurika. Kila kiti kiliwekewa kikaratasi chenye anwani ya kliniki. Jovelyn alieleza yote kama alivyoelezwa na daktari, na wasichana wakamsikiliza. Mmoja wa mbele alikuwa akifuta machozi. Ndiye aliyenyoosha mkono.

"Dada, asante. Na wewe sasa uko wodi gani?"

Jovelyn alimtazama Bi Villaruz. Bi Villaruz akachukua kipaza sauti, akaomba makofi. Wakapiga, Analiza naye akapiga.

Walipotoka, vikaratasi vilibaki vitini, karibu vyote. Jovelyn akaanza kuviokota kimoja kimoja, maana Bi Villaruz alitaka ukumbi uachwe safi.