Mkokoteni Usiopinduka

Mwaka jana mkokoteni wangu wa vifaa ulipinduka kwenye mchanga wa jangwa la San Felipe, katikati ya mashindano ya magari, watu wote wakitazama. Kaka yangu Fermín, dereva wetu, alinicheka mpaka Krismasi. Kila tukikaa kula tamale, mikate yetu ya mahindi, anaanza: "Mdogo wangu, ule mkokoteni wako ulikunywa nini?"

Nilichukia. Mwaka huu nikachomelea mwingine, mpana, wenye magurudumu manene. Vizito vyote nikavipanga chini: jeki, betri, mtungi wa kuzimia moto. Juu yake nikalaza tairi mbili za akiba na kuzifunga kwa mikanda minne. Nikausukuma juu ya mawe, nikaupiga mateke. Haukuyumba.

"Huu sasa ndio mkokoteni," Fermín akakiri.

Siku ya mashindano aliingia kituoni kwetu, pale tunapomtengenezea gari, likitoa moshi nyuma. Hata mkanda wa kiti hajaufungua, moto ukalipuka. Nikaukimbilia mkokoteni. Mtungi niliuona, mwekundu, pale chini, nyuma ya vyuma nilivyochomelea kwa mikono yangu. Hautoki mpaka tairi zishuke. Nikafungua mkanda wa kwanza. Wa pili. Nikamsikia akiniita kwa jina.

Jana hospitalini, bandeji zimemwacha midomo tu, bado alitaka utani.

"Mdogo wangu, na huu nao ulipinduka?"

"Haukupinduka," nikamjibu.

Sikumwambia kwamba niliusukuma kwa nguvu zangu zote, uanguke, niufikie ule mtungi kwa chini.