Mpira wa Kijani Chini ya Kitanda

Skrubu ya mwisho iliingia sakafuni kwa urahisi mno, na Gatakaa akajua papo hapo kwamba ametoboa kitu.

Alikuwa amepiga magoti ndani ya Kobe, akifunga kibao cha kuegemeza miguu ya mama mkwe wake. Kobe ni gari la nyumba la zamani, lenye kitanda, jiko la gesi na sinki lisilotoa maji. Mumewe Koome alilinunua kwa wazungu waliokuwa wakirudi kwao, na watoto wakalipa jina hilo kwa sababu lilibeba nyumba mgongoni wala halikuwa na haraka na mtu. Lilikuwa na hita ya nyuma, inayotumia maji moto ya injini. Maji hayo hupita katika mipira miwili mirefu chini ya sakafu, yakatokea chini ya kitanda, yakarudi mbele. Mipira ya zamani ilikuwa imevimba na kufanya nyufa. Wiki hiyohiyo Mugendi, fundi wao wa Meru, alikuwa ameitoa yote akaweka mipya.

Gatakaa aliinua godoro, akafungua ubao. Mmoja wa mipira ile mipya ulikuwa na tundu, na maji ya rejeta yalikuwa yakitiririka.

"Nani hupitisha mpira mahali pa kupigia skrubu?" akafoka, ingawa mle ndani hamkuwa na mtu.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Kesho yake walikuwa na safari ya Kiritiri, kwa kina Wambeti, msichana ambaye Mwenda, mdogo wake Koome, alitaka kumwoa. Wazee wa huko walikuwa wanangoja, mbuzi walishatangulia kwa pikapu. Kumpigia Mugendi simu kungemaanisha kukiri kwamba ameharibu kazi ya juzi, na Mugendi angecheka. Si kwa ubaya, lakini angecheka, na Gatakaa hakupenda kuchekwa.

Zaidi ya hayo, yeye alikuwa na stashahada ya kilimo na duka la pembejeo pale Ruiri. Miche ya avokado aliyopandikiza kwa mikono yake ilikuwa inazaa kila upande wa Buuri. Kukata, kuunga, kufunga: hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Akaenda dukani, akakata kipande cha mpira wa kijani wa kumwagilia miche, ule wenye nyuzi ndani, akarudi na klipu mbili. Akakiondoa kipande kilichotoboka, akaunga cha kijani mahali pake, akakaza. Akaongeza maji, akawasha injini dakika chache. Hapakuvuja tone.

"Maji ni maji," akajiambia, akarudisha godoro. Hakumwambia Koome. Kwani kulikuwa na nini cha kumwambia?

Asubuhi mama mkwe alipandishwa nyuma, akafunikwa blanketi, miguu ikawekwa juu ya kibao. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu.

"Hapa kuna joto kuliko nyumbani kwako, Koome," akasema. "Mkinikosa usiku, mnitafute humu."

"Mama, utatuhama?"

"Nyinyi wenyewe mmenihamisha. Endesha gari."

Walipita Nkubu, wakapita Chuka. Walipovuka mto Thuci na kuanza kupanda ule mlima wa upande wa Embu, Kobe akanguruma kwa shida, sindano ya joto ikapanda. Gatakaa aliitazama sindano ile. Alitaka kusema, "Simama, gari lipoe kidogo." Hakusema, maana Koome angeuliza kwa nini.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa chupa ya soda iliyotikiswa. Kisha nyuma kukajaa mvuke mweupe, na ndani ya mvuke huo mama mkwe akapiga ukelele ambao Gatakaa hakuwahi kuusikia kwa mtu aliyemjua.

Walimtoa wakiwa wamembeba, mguu wa kulia ukiwa umechubuka ngozi kutoka kifundo hadi vidoleni. Gatakaa alimmwagia maji ya kunywa, chupa baada ya chupa, mikono imara, sauti imara. Watu waliosimama walimsifu: mama huyu ana akili. Mwenye gari dogo akawapeleka hospitalini Embu. Lori likamvuta Kobe hadi gesti moja mjini, likamwacha uani.

"Mugendi," Koome alisema wakiwa kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, na sasa taya zake zilikuwa zinacheza. "Nilimwamini yule kijana kama ndugu. Anamfungia mama yangu mpira mbovu!"

Gatakaa alifungua mdomo. Pale pale ndipo ukweli ulipopaswa kutoka. Badala yake akasema, "Tungoje kwanza tusikie daktari atasema nini."

Daktari alisema kwamba huenda wakahitaji kuchukua ngozi ya pajani na kuipandikiza mguuni. Gatakaa alilijua neno hilo kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Alitoka nje.

Alasiri, Koome akiwa kando ya kitanda cha mamake, Gatakaa alirudi gesti peke yake, akaingia Kobe, akainua godoro lililolowa. Mpira wa kijani ulikuwa umelainika kama utumbo, umepasuka kwa urefu. Angeweza kuuacha hapo, ukweli ujisemee wenyewe. Aliung'oa mpira wote, ule wa Mugendi pamoja na kile kipande, akaupeleka nyuma ya jikoni ambako mlinzi alikuwa anachoma taka, akautupa motoni. Alisimama mpaka moshi mweusi ukaisha. Mlinzi alimsalimia, naye akaitikia vizuri kabisa.

Mugendi, aliyepigiwa simu na Koome, alifika Jumapili, jua likiwa limeshapanda, amebeba mipira mipya ya hita imeviringwa begani. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono ya mtu aliyeanza kazi mapema. Hakuja na maneno mengi. Aliingia chini ya kitanda cha Kobe kwa tumbo, akakaa kitambo.

"Mama Mukiri," akamwita Gatakaa kutoka humo kwa jina la mwanawe, "ule uliopasuka uko wapi?"

"Tuliutupa."

"Wapi?"

"Kwenye taka. Ulichomwa."

Akatoka akijipangusa magoti. "Ningetaka kuuona. Niliuziwa na mtu wa Nairobi, akaniapia ni mzuri. Nilitaka nimrudishie usoni." Akainamisha kichwa. "Lakini kosa si lake. Mimi ndiye niliyeufunga. Fundi anapaswa kujua mpira kwa kuushika."

"Usijilaumu sana," Gatakaa akasema.

"Nisijilaumu vipi? Mpira wa fungu hilohilo nimeufunga kwenye basi la shule ya Mwalimu Koome, na magari mawili ya maziwa. Nimewapigia wote jana usiku. Nimewaambia wasiwashe, nitaing'oa yote na kuweka mingine kwa gharama yangu. Wale wa maziwa wameniambia nisikanyage tena kwao."

"Wote umewaambia mipira ni mibovu?"

"Ningewaambia nini? Ningoje mwingine aungue?"

Walitembea hadi hospitalini, Gatakaa mbele, Mugendi nyuma na kofia mkononi. Njiani walikutana na watu waliovaa nguo za kanisani, nao walimwamkia Gatakaa kwa heshima, kama mtu anayekwenda kumjulia mgonjwa hali. Kila salamu ilimwongezea uzito.

Koome alipomwona fundi, aliinuka akageukia dirisha. Mama mkwe alikuwa ameegemea mito, mguu umefungwa bandeji mpaka unafanana na mtoto mchanga.

"Ni wewe uliyenipika?" akamuuliza Mugendi. "Ulikosea wapi? Hukuweka chumvi."

Mugendi hakucheka. Alipiga goti kando ya kitanda. "Cucu, nyanya yangu, nisamehe. Kazi ni yangu, na mpira niliuchagua mimi. Sina la kujitetea."

"Una la kujitetea," Gatakaa akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani. Alijua kusema, sokoni na kwenye mikutano ya wakulima hakuna aliyemshinda. Sasa maneno yalikuja moja moja.

"Mpira wake ulikuwa mzima. Niliutoboa mimi, kwa skrubu ya kile kibao. Nikaukata, nikaunga kipande cha mpira wa dukani. Wa kumwagilia miche."

Koome aligeuka polepole kutoka dirishani. "Mama Mukiri, unasema nini?"

"Nasema nilivyofanya. Jana nikaung'oa nikauchoma, ili usionekane."

Mwanamke wa kitanda cha jirani aliacha kumenya ndizi yake. Kisha mama mkwe akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua, "Ulidhani mguu wangu ni mche wa kabichi?"

"Hapana, Mama."

"Maana umeumwagilia vizuri."

Gatakaa alitaka kulia, lakini aliona kulia kungekuwa kuomba kitu ambacho hastahili kuomba. "Nilitaka tu tusichelewe," akasema. "Nikaona aibu kumpigia simu."

"Aibu," mama mkwe akasema. "Na sasa huoni?"

"Naona."

Mugendi alikuwa ameinuka. Aliyafuta magoti yake mara mbili, kama mtu asiyejua mikono yake ni ya nini. Aliposema, hakupaza sauti.

"Sikulala usiku kucha. Nilikuwa najiuliza nimemwunguza nani mwingine. Mke wangu aliniambia nifunge gereji niuze miwa. Na wewe ulikuwa unajua. Ulinitazama nikilala kwa tumbo mle ndani, ukaniambia nisijilaumu."

"Ndiyo."

"Umeuchoma. Sasa nitawaonyesha watu nini? Nina neno lako tu."

"Una neno langu."

"La asubuhi lilikuwa uongo."

"Hili si uongo."

Mugendi alimtolea simu yake kubwa yenye kioo kilichopasuka. "Basi waambie. Mmoja mmoja. Weka sauti juu nisikie."

Koome alianza kusema kitu, labda kwamba wangoje watoke nje, kwamba hapa ni wodini. Gatakaa alikuwa ameshabonyeza. Wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu wa shule, mkubwa wake Koome, mtu aliyenunua mbegu dukani kwake kila msimu na kumwita mwalimu wa wakulima. Alimweleza yote bila kuzungusha: skrubu, kipande, moto wa taka.

"Madam," mwalimu mkuu akasema hatimaye, "kamati ilishaamua. Basi limepelekwa kwa fundi mwingine. Kama unataka walifikirie upya, itabidi uje uyaseme hayo mbele yao. Mumeo akiwepo."

"Nitakuja."

"Wataandika."

"Waandike."

Aliwapigia wenye magari ya maziwa. Wa kwanza alimsikiliza, akasema sawa, kijana arudi kazini. Wa pili alimkatia simu katikati; akapiga tena, akamaliza.

Mugendi alipokea simu yake, akaitia mfukoni. Hakumshukuru, na Gatakaa hakutarajia. Alimwinamia mama mkwe, akamgusa begani, akamwambia atarudi kumwona kabla hajaondoka. Kisha akatoka kwenda kufunga mipira ya Kobe, maana ndiyo kazi aliyoijia. Mlangoni alisimama kidogo.

"Nikimaliza, mtu asiguse sakafu ile," akasema bila kumtazama. "Kibao nitakifunga mimi."

Koome aliketi kwenye kiti kando ya mamake. Hakumwangalia mkewe kwa muda mrefu. Alipomwangalia, uso wake haukuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwenda amepiga simu kutoka Kiritiri," akasema. "Kina Wambeti wanasema walilala wakitungoja. Wanauliza nini kilitupata. Nilimwambia fundi alituharibia gari."

"Mwambie Mwenda anipe mzee mmoja kwenye simu."

"Hao ndio watakaokuwa wakwe zetu, Gatakaa. Watakukumbuka kwa hili."

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. "Mwache aseme," akanong'ona. "Lakini kwanza anipe maji ya kunywa. Baridi."

Gatakaa alimimina maji, akamshikilia kikombe mpaka akamaliza. Kisha akachukua simu ya Koome, akatafuta jina la Mwenda.