Mlango wa Ishirini na Tano

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kazi yangu haijanisaidia. Miaka kumi na minne natengeneza mitandao ya watu, na nimejifunza kwamba kitu kikiharibika mara mbili, kuna mtu anakiharibu. Kikiharibika mara tatu, mtu huyo anakudanganya machoni. Ndivyo nilivyokuwa nikiamini hadi nilipotumwa Loresho.

Debra, bosi wangu pale Westlands, alinituma Jumatatu moja ya Julai, baridi ikiwa imekaza. "Wesonga, ni port imefungwa tu. Ten minutes uko done."

Mama Dan alinifungulia geti mwenyewe. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mwenye maneno machache. Mumewe alikuwa mhandisi wa simu, na alipostaafu alijijengea seva yake ya barua pepe katika chumba cha nyuma kwa kuwa hakuamini kampuni yoyote. Alifariki Julai ya mwaka uliopita. Chumba kilikuwa vilevile alivyokiacha: kiti, miwani mezani, koti zito la kijivu nyuma ya mlango, na sanduku jeusi la seva likinguruma kwa sauti ya chini.

"Jumamosi ni mwaka wa mzee," aliniambia. "Mtoto wangu Dan hajui babake alikufa. Anapika kwa meli za watalii, namba ya simu sina. Anwani anayojua ni hii yetu tu. Miaka nne hajaandika. Nataka nijue kama mashine bado inapokea."

"Na wewe ulimwandikia, Mama?"

"Walikosana, na mzee alisema mtoto ndiye anaanza. Akiandika, nitajibu."

Kwetu Busia pia kuna wazee wa aina hiyo.

Seva ina milango, sisi huiita poti, na kila mmoja una namba. Barua kutoka nje huingilia namba ishirini na tano. Niliubisha mlango huo kwa simu yangu na haukujibu. Nilikuwa tayari kuwalaumu waliomletea mtandao, lakini kosa lilikuwa humo humo ndani: katika ukuta wa ulinzi wa seva kulikuwa na sheria moja inayozuia kila kinachokuja kwa namba hiyo. Niliifuta, nikahifadhi, nikajaribu tena, mlango ukaitika. Nikanywa chai yake na kuondoka nikijisifu.

Jumanne asubuhi mlango ulikuwa umefungwa.

Nilirudi nikiwa nimenuna. "Mama, nani ameingia hapa jana?"

"Hakuna mtu. Hakuna mtu anaingia hapa."

Nilitafuta kama mzee aliacha agizo la kujiendesha lenye saa yake. Sikupata. Nikafungua tena. Nilipokuwa nikipitia kumbukumbu za mashine niliona kitu kilichonifanya nivute kiti na kuketi. Kila kilichokuja mlangoni kikakataliwa kilikuwa kimeandikwa. Mwaka wa kwanza, kila Jumapili saa moja na dakika kumi usiku, mtu alibisha. Zilikuwa mashine za kampuni moja ya meli, mara meli ikiwa upande huu wa dunia, mara upande ule. Mwaka wa pili na wa tatu ikawa Jumapili moja moja. Mwaka huu ilikuwa mara moja kwa mwezi, Jumapili ya mwisho, tena kwa dakika chache tu. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa anaenda zake. Huyu alikuwa amepiga hodi miaka minne.

Sikumwambia Mama Dan. Niliogopa kumpa tumaini ambalo ningeshindwa kulitimiza. Jumapili ya mwisho wa Julai ilikuwa siku tano mbele, na nilijua kabisa kwamba kijana huyo alikuwa anachoka.

Jioni hiyo niliichungulia seva kutoka dawati langu Westlands. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, skrini yangu ikaganda. Seva ilikuwa imezimika. Nusu dakika baadaye ikaanza kuwaka tena, na ilipotulia, ile sheria ilikuwa imerudi mahali pake. Jumatano ikawa hivyo, saa ile ile. Alhamisi hivyo hivyo. Mimi si mtu wa kutishika ovyo, lakini usiku huo nililala taa ikiwaka.

Jumapili nilienda bila kumwambia Debra. Mama Dan aliniacha ndani, akasema kibaridi kimemchosha, anaenda kujilaza. Nikaanza na jambo ambalo ningeanza nalo siku ya kwanza kama nisingekuwa na haraka: mashine inasoma nini inapowaka. Seva haizimwi, hilo anajua hata mwanafunzi, kwa hiyo sikuwa nimehangaika kutazama. Nikakuta faili dogo la mzee, la miaka minne iliyopita. Kila seva ilipowaka, faili hilo lilifunga mlango wa ishirini na tano. Juu yake mzee alikuwa ameandika mstari mmoja kwa Kiswahili: *Dan asiingie.*

Nilihisi uchungu kana kwamba ni mimi niliyeandikiwa. Nikalifuta lote. Halafu nikakaa pembeni, nyuma ya kabati la vitabu, nimwone huyo anayezima.

Giza lilianza kuingia. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi dirishani. Nikasikia ndala zikiburuzwa koridoni, hatua za mzee, taratibu. Mlango ukafunguka. Mkono ukalichukua lile koti la kijivu, mtu akalivaa, akainua kola, akaja moja kwa moja hadi kwenye seva bila kuwasha taa. Kidole kikaelekea kwenye swichi.

"Wewe!" nikapiga kelele.

Akageuka. Alikuwa Mama Dan.

"Umenishtua, Wesonga!" Alishika kifua. "Ni saa ya kuipumzisha."

"Kuipumzisha nini?"

"Mashine. Baba Dan aliniambia siku ya mwisho, nikiwa nimemshika mkono. Kila jioni saa kumi na mbili na nusu niizime, nihesabu mpaka ishirini, niiwashe. Ati isipopumzika itakufa. Navaa koti yake kwa sababu hapa ni baridi."

"Mama, si nilikuuliza nani anaingia hapa?"

"Uliuliza watu. Mimi ni watu?"

Ningecheka siku nyingine. Nilimweleza polepole: faili, mlango, na kidole chake mwenyewe kilichomfungia mtoto kila jioni mwaka mzima. Nikamweleza na zile hodi. Alishika meza. Hakulia; aliniangalia tu kana kwamba nimempiga.

"Leo usiizime," nikamwambia. "Saa moja na dakika kumi atabisha."

"Neno la mtu anayekufa halivunjwi. Kwetu hiyo ni kirumi, laana ya anayekufa. Ukivunja, haikupati wewe. Inapata mtoto wako."

Alikuwa anaogopa kweli. Aliurudisha mkono wake kifuani, akauacha hapo. Saa yangu ikaonyesha saa kumi na mbili na nusu.

Taa zikazimika. Seva ikanyamaza. Nilitazama dirishani; kupitia ukungu taa za jirani zilikuwa zinawaka, na za jirani wa pili pia. Ni sisi tu. Katika giza nikamsikia akihesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, bila haraka. Kumi na tisa. Ishirini. Umeme ukarudi.

Mama Dan alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sikuwa mimi," akasema.

Seva iliwaka. Nilifungua skrini. Faili lilikuwa pale pale, tarehe yake ya miaka minne iliyopita. *Dan asiingie.* Labda mzee alificha nakala mahali. Nimeitafuta baadaye, sikuiona.

Mama Dan aliusoma ule mstari kwa macho yake. Kisha akakigeukia kiti kitupu, na sauti yake ikabadilika.

"Baba Dan. Mwaka mzima nimekutii. Watu wananiita Mama Dan, na wewe walikuita Baba Dan mpaka kaburini. Ukimfungia huyo mtoto nje, sisi tutaitwa nani?" Akavuta pumzi. "Mimi ni mamake. Mimi nimefungua. Sasa toka hapo mlangoni."

Kiti hakikusogea. Akaniuliza afute wapi. Nilimwonyesha, naye akafuta herufi moja moja kwa kidole kile kile, hadi faili likabaki tupu. Nikaifuta sheria tena, nikaubisha mlango kwa simu yangu, ukaitika. Tukakaa.

Saa moja na dakika kumi ikafika, ikapita. Dakika kumi na mbili. Dakika kumi na nne. Nilijilaumu moyoni kwa zile siku tano nilizonyamaza. Yeye alikuwa amelishika koti kifuani, akitazama skrini bila kupepesa.

Dakika ya kumi na sita, mlango ulibishwa, na barua ikaingia.

*Mama, sijui kama anwani hii bado iko. Kama uko, niandikie neno moja tu. Nisipopata, sitakusumbua tena. Dan.*

Nilisogea nimwandikie, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamejaa. Aliisukuma mikono yangu. Akavua koti la mzee, akalitundika nyuma ya kiti, akaketi pale alipokuwa akiketi mumewe. Ilimchukua muda mrefu kuzitafuta herufi nne.

*Niko.*

"Sasa nabonyeza wapi?" akaniuliza.