Mafuta ya Cherehani

Katika nyumba ile, kila kilicholia kilitiwa mafuta. Mlango ukilia, tone moja kwenye bawaba. Kitanda cha Bibi kikilia, matone mawili penye kona, na usiku ule ule Bibi alisifu kwamba sasa hata mende hawajui kama amegeuka. Kopo lenyewe lilikuwa dogo, lenye mdomo mrefu mwembamba kama wa ndege, na lilikaa juu ya meza ya cherehani, karibu na mkono wa kulia wa binti mshonaji ambaye nyumbani na mtaani walimwita Kimya. Mtu aliweza kukaa naye mchana kutwa, akapimwa, akashonewa, akaenda zake na nguo yake, na njiani asikumbuke sauti ya binti yule ilikuwaje.

Skuta ilikuwa ya nyumba nzima, lakini kazi zake ziligawanywa. Mama Mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yake Kimya, ndiye aliyeiendesha. Kimya ndiye aliyeitunza. Ilikuwa skuta ya wastani, si ile ndogo inayovuma kama nzi ndani ya chupa, wala si dude la kumtoa mtu jasho kulisimamisha. Ilikuwa na kiti kipana cha watu wawili, na chini ya kiti palikuwa na nafasi ya kutosha marobota mawili ya sare za shule. Kimya hakuwahi kuiendesha hata siku moja. Barabara ilimtisha, na honi zilimtisha zaidi. Lakini ikishaingia uani na kuegeshwa, ilikuwa yake. Kila Jumamosi aliiosha, akapima upepo wa magurudumu, akachomoa kijiti cha oili na kukifuta na kukitumbukiza tena, akafungua plagi na kuisugua kwa mswaki uliochakaa. Kitabu cha maelezo ya skuta kilikuwa cha lugha ya kigeni. Kimya alikisoma kwa picha, na picha zilimtosha.

Jioni moja Mama Mdogo aliingia uani akivua kofia yake ngumu kwa hasira.

"Kimya, mwanangu, hii breki ya mbele inanidhalilisha. Nikifika mahali inalia kama mbuzi aliyeona kisu! Watu wote wanageuka. Mtu mzima mimi."

"Si umpelekee fundi?" Bibi akauliza kutoka barazani.

"Nimetoka kwake sasa hivi. Anasema ya nyuma ndiyo iliyokwisha, kesho atakuwa na kifaa chake kipya. Ya mbele ni nzima, ameniambia niitegemee hiyo hiyo. Inalia tu."

Inalia tu. Kimya aliyasikia maneno hayo mawili, na macho yake yakaenda penye kopo.

Asubuhi na mapema, wenzake bado wamelala, alichuchumaa mbele ya skuta. Aliuzungusha mkono wake kwenye ile sahani ya chuma iliyo ubavuni mwa gurudumu la mbele, ile inayobanwa na breki, akatafuta panapolia. Akaweka matone matatu juu, matatu chini, na mengine pale ndani ambapo breki huibana sahani. Akaisukuma skuta hatua mbili na kuibana breki. Kimya kabisa, kama jina lake. Alitabasamu peke yake. Hakumwambia mtu. Alitaka Mama Mdogo aje agundue mwenyewe huko mbele, arudi akishangaa.

Saa tatu Mama Mdogo alimpakia Bibi kumpeleka zahanati ya macho, iliyo juu kabisa ya mlima wa mji.

"Mama, shika kiuno changu, usinishike shingo."

"Kiuno chako kiko wapi? Nimezunguka pande zote sijakiona."

"Basi shika unachokipata! Kimya, ukimaliza hizo kola pita kwa fundi unichukulie kile kifaa cha nyuma."

Kimya akaitikia kwa kichwa. Skuta ikaondoka ikipanda mlima, polepole, na kupanda hakuhitaji breki. Ukiachia tu mkono wa mafuta, inasimama yenyewe.

Kola zilimchukua saa moja na nusu. Alipofika kwa fundi ilikuwa karibu saa tano. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kitambaa kisichokauka mkononi, na pikipiki yake mwenyewe ilikuwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Kifaa kipo hapa. Na ile ya mbele bado inawapigia tarumbeta?"

Kimya alitazama chini. Lakini moyoni alikuwa na fahari kidogo, na fahari ikamponyoka.

"Imeacha."

"Imeachaje yenyewe?"

"Niliitia mafuta."

Mkono wa fundi uliokuwa ukipangusa spana ukasimama.

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani. Pale palipokuwa panalia."

Fundi hakufoka. Laiti angefoka. Aliiweka spana chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Skuta iko wapi sasa hivi?"

"Zahanati. Juu."

"Sikiliza, mwanangu. Breki inashika kwa kukwaruza. Ukiitia mafuta umeiambia isishike. Ya nyuma imekwisha. Gari lina gia za kumsaidia dereva kushuka, lakini skuta yenu haina. Kushuka mlima ule ni breki tupu."

Kimya alitazama juu mlimani. Akaikumbuka picha moja kitabuni, gurudumu la mbele na tone lililokatwa kwa mstari. Siku zote alidhani ni maji, kwamba gurudumu lisinyeshewe. Alikuwa akiiwekea skuta turubai kwa ajili ya picha ile.

Akatoa simu. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alijua inalia wapi: chini ya kiti, gizani, pamoja na miwani ya zamani ya Bibi. Mama Mdogo huitia humo kabla ya kupanda. Basi huenda wamekwisha kuondoka.

"Pikipiki yangu haina gurudumu," fundi alisema, tayari anakwenda mbio. "Nakwenda chini kwenye makutano nizuie malori. Wewe panda ngazi za mkato, uwakute njiani. Na usimwambie asimame! Akisikia simama atabana, na akibana na isishike atachanganyikiwa. Mwambie aingie mahali laini. Kichaka, tope, chochote."

Ngazi za mkato zilipita kati ya nyuma za nyumba, nyembamba, zenye maji ya kufulia. Kimya alizipanda viatu mkononi. Kila pumzi ilimkwaruza koo. Alihesabu ngazi ili asiwaze, akafika arobaini, akapoteza hesabu, akaanza tena, na kati ya hesabu na hesabu alimwona Bibi, mkongojo wake umelala mapajani, amemkumbatia mwanawe kwa nyuma, anamwamini. Akayaona malori ya mawe yanayopita makutanoni chini, yale ambayo hata watu wenye miguu miwili mizima huyasubiri yapite. Mungu wangu, alisema moyoni, nimewaua kwa matone sita. Halafu akakumbuka hayakuwa sita. Aliongeza mengine.

Mara mbili alisimama akadhani ameisikia skuta. Mara ya kwanza ilikuwa mashine ya kusaga. Ya pili ilikuwa moyo wake.

Ngazi zilimtoa kwenye kona kubwa ya barabara. Upande wa ndani nyumba ilikuwa ikijengwa, na mbele yake palikuwa na lundo la mchanga lililofika kifuani, na wajenzi watatu wenye makoleo. Kimya alishika magoti kwa mikono miwili, akavuta pumzi.

Ndipo akaisikia. Hakuna mwingine ambaye angeitambua. Kifuniko cha feni kilikuwa na skrubu moja iliyolegea, aliyokusudia kuikaza Jumamosi, na skuta ikienda kasi kilitetema kama nyuki. Sasa kilitetema kuliko alivyowahi kukisikia.

Wakatokea. Mama Mdogo alikuwa ameshusha miguu yote miwili, viatu vinaburuzika lami, uso wake umekuwa wa mtu mwingine. Vidole vyake vilikuwa vimeibana breki mpaka mwisho, na skuta haikujali, ilizidi tu kuja. Bibi alikuwa na bandeji jicho moja na ameinamisha kichwa mgongoni kwa mwanawe.

Kimya alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Ilikuwa kama zile ndoto ambazo mtu anafukuzwa na miguu imefungwa. Miaka ishirini na mitatu sauti ile ilikuwa imezoea kukaa ndani, na leo alipoiita, ilimtazama tu. Wajenzi watatu walikuwa wanamwangalia. Na hata pale, hata kwa jambo lile, aliwaonea haya.

Skuta ilibakiza kama hatua thelathini.

"MCHANGANI!"

Hakujua imetoka wapi. Ilimuumiza koo na masikio yake mwenyewe. "Mama Mdogo! Ingia mchangani! Achia breki, ingia mchanganiii!"

Wajenzi wakatupa makoleo na kuruka. Mama Mdogo aligeuza kichwa, na baadaye alisema hakugeuka kwa sababu ya maneno, aligeuka kwa sababu hakuamini nani aliyeyasema. Mikono ikafuata kichwa. Skuta ikakata kona, ikapanda ukingo, ikajichimbia kwenye lundo mpaka kwenye taa, ikakoroma, ikazimika.

Kwa muda palikuwa na vumbi tu.

Vumbi lilipotulia, Bibi alikuwa ameketi juu ya lundo, wima, kama mgeni aliyekaribishwa kiti, mkongojo bado mkononi. Mama Mdogo alikuwa amelala chali pembeni yake, kofia imemfunika pua.

"Nani yule aliyepiga kelele?" Bibi akauliza.

"Kimya," Mama Mdogo akajibu kwa shida.

"Usininyamazishe mimi! Nimekuuliza nani."

Kimya alikuwa tayari amepiga magoti, anawapapasa mikono, miguu, vichwa. Mama Mdogo alikuwa amechubuka kiwiko, na viatu vyake havikuwa na soli. Bibi hakuwa na jeraha. Ndipo fundi akatokea upande wa chini wa barabara akihema, na Mama Mdogo alipomwona akainuka kama aliyechomwa sindano.

"Wewe! Wewe mzee! Si uliniambia ya mbele ni nzima? Uliniambia niitegemee! Nimebana mpaka kidole kimetaka kukatika! Jamani, sikieni wote, huyu ndiye fundi, ametaka kutuua mimi na mama yangu!"

Wajenzi wakamtazama fundi. Dirisha moja likafunguliwa ng'ambo ya barabara, na la pili. Fundi alisimama, anajipangusa mikono kwa kitambaa chake, mikono isiyokuwa na kitu. Alimtazama Kimya mara moja tu, kisha akatazama mchanga.

Kimya aliona kwamba hatasema. Angeweza kunyamaza sasa, na hakuna ambaye angeshangaa, kwa kuwa kunyamaza ndiyo kazi yake. Kule ngazini aliogopa wasije wakafa. Hapa aliogopa Mama Mdogo asimtazame tena kama jana.

"Si fundi," alisema. Haikusikika. Akasema tena. "Mama, si fundi. Ni mimi. Niliitia mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

"Kwenye breki?"

"Ilikuwa inalia."

 Mama Mdogo alitazama viatu vyake, akaitazama barabara inavyoteremka mpaka makutanoni, ambako lori la mawe lilikuwa linapita wakati ule ule. Hapo ndipo alipokaa chini mchangani, hapo tu. Kimya alingoja kofi. Mama Mdogo alimshika kifundo cha mkono, akamvuta akae karibu yake, na akaendelea kukishika kwa nguvu, hata kikauma.

"Wahenga wanasema majuto ni mjukuu," Bibi akasema, akikung'uta mchanga kwenye bandeji. "Wangu amekuja na kopo kabisa."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mjenzi mmoja, naye akaacha.

"Nisamehe, fundi," Mama Mdogo akasema bila kuinua uso.

"Tuichimbue kwanza," fundi akajibu.

Siku ya pili yake fundi alizitoa pedi za breki ya mbele na kumwekea Kimya kiganjani. Zilikuwa zimelowa, zimenywa mafuta kama mkate kwenye chai. "Hizi ni za kutupa. Na sahani ile nimeisugua kwa petroli, sasa sugua tena wewe, mpaka uchoke, kisha sugua tena." Kimya alisugua mpaka jioni. Fundi akafunga mpya mbele na nyuma, na Mama Mdogo akazijaribu uani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kabla ya kuthubutu kutoka nje ya lango.

Za mbele zilipozoea kazi, zikaanza kulia kama zile za kwanza. Hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo, saa za jioni, miguu ya Kimya husimama juu ya kanyagio la cherehani. Wateja humwona ameinua kichwa, sindano imekwama katikati ya mshono, na hudhani amechoka. Anangoja. Anasikia injini inashuka, na pale panapoanza mteremko mkali wa mtaa wao anashika pumzi, kila siku, kama siku ile. Halafu inakuja ile sauti ya mbuzi, ndefu, mbaya, ya kumwaibisha mtu mzima, na lango linafunguliwa.

Ndipo miguu yake inaanza tena kukanyaga.