Maji Yaliyofuata Kompyuta

Jovina alikuwa anaingiza kimo cha sakafu ya mfereji kwenye kompyuta, ofisini Kinondoni, bosi wake Adelard aliposimama nyuma ya kiti na soda mkononi. Ilikuwa mwaka 1996, na kompyuta ilikuwa hiyo hiyo moja.

"Hapa juu kilimani, kwa yule mama wa Temeke, umeandika ngapi?"

"Mita kumi na nne juu ya bahari, bosi. Nimepima mwenyewe."

"Weka sita."

"Sita ni chini kuliko bondeni. Maji yatapanda mlima?"

"Viwanja vya bondeni vimeshapata wanunuzi, Jovina. Weka sita, ramani ya mafuriko itoke safi."

Alibishana hadi sauti ikamkauka. Mwisho akaandika sita, akakibamiza kitufe. Kwenye skrini bonde likakauka, na buluu yote ya maji ikahamia kilimani, kwa Bi Chausiku, yule mama wa Temeke.

Masika yalipoanza, maji yakafuata kompyuta. Yalitoka bondeni yakaupanda mfereji taratibu, yamebeba kandambili na maganda ya ndizi, yakaingia kwa Bi Chausiku hadi kwenye matendegu ya kitanda cha mumewe, mzee Mfaume, aliyepooza. Majirani walisimama na miavuli yao wakalalamika kwamba yananuka.

Kesho yake Bi Chausiku alifika ofisini, khanga imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, mama," alisema Jovina.

"Marahaba, mwanangu. Si wewe uliyekuja kutupimia mfereji? Basi maji yenu yamepanda."

Jovina akarudisha kumi na nne. Kule Temeke maji yakageuka, yakateremka. Kabla ya adhuhuri simu ikalia: mnunuzi mmoja wa kiwanja cha bondeni alikuwa amesimama juu ya boneti ya gari lake. Adelard akaja mbio, akarudisha sita.

"Bosi, hiyo namba ya uongo!"

"Uongo vipi? Maji yenyewe yamekubali, wewe unabisha nini?"

Akaifunga programu kwa neno la siri. Ripoti ya ramani hiyo ikapokelewa, ikasifiwa kwamba inalingana na hali halisi kuliko ripoti zote za mwaka ule.

Jumamosi Jovina akaenda Temeke, amekodi mkokoteni wa matofali. Yeye na Bi Chausiku wakaanza kukiinua kitanda, maji yakiwa magotini.

"Mle kwenye kompyuta," aliuliza Bi Chausiku, "huwezi kukipandisha kidogo hiki kitanda?"

"Mle hamna kitanda, mama. Hata nyumba hamna. Kuna mfereji tu."

Mzee Mfaume akageuza shingo.

"Sasa kama sie hatumo," akasema, "maji yamekuja kwa nani?"

Jovina akainua mguu wa kitanda, na Bi Chausiku akasukuma tofali jingine chini yake.